Jetski hifadhini: anayetaka kuingia ndiye alete ushahidi

Kila Desemba watu wakishateremka Mombasa, kwa SGR, kwa mabasi, kwa magari yao, mjadala wa jetski, zile pikipiki za majini, unafufuka pale pale ulipoachwa mwaka uliopita. Huyu anasema zipigwe marufuku baharini kote kabla hazijaua mtu, yule anasema waacheni vijana wale, kwani boti za kioo, zile za watalii zenye sakafu ya kioo, haziko maji hayo hayo? Na siku hizi kila upande unaita Marekani iwe shahidi wake. Wa kufunga anakwambia hata Wamarekani wenyewe walizifukuza kwenye hifadhi zao za taifa, wa kufungua anakwambia nenda ziwa la Lake Mead ukaone jetski zilivyojaa na hiyo pia ni sehemu ya hifadhi zao. Wote wawili wanasema kweli, ila wote wameibeba ile hadithi kwa mkia. Kitu kikubwa walichokifanya Wamarekani hakikuwa kufunga wala kufungua, ni kuhamisha mzigo. Mwanzo maji ya hifadhi yalikuwa wazi kwa jetski mpaka mtu athibitishe zinaharibu, kisha yakawa yamefungwa mpaka hifadhi yenyewe ifanye utafiti, iandike kanuni yake, iseme wapi na kwa masharti gani. Mi naona hapo ndipo tunapopotea huku kwetu, tunabishana kuhusu jibu na bado hatujakubaliana nani anatakiwa kulithibitisha.

Nianze na maji yenyewe, manake wengi wanaochangia mjadala huu wanaiongelea bahari kama uwanja mmoja tambarare. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ina sehemu mbili: paki yenyewe ni kilomita za mraba 10 hivi, humo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na kuizunguka kuna akiba ya kama kilomita za mraba 200 ambapo wavuvi wanaruhusiwa na zana zao za jadi. Kilomita za mraba 10 ni kidogo sana, mtu mzima anaipita kwa miguu ufuoni kabla jua halijawa kali. Na mbele ya Nyali na Bamburi maji ya ndani ya mwamba ni machache, matumbawe yamekaa kama ukuta kule nje mawimbi yanapopasukia, huku ndani ni mchanga, nyasi za bahari, na vichwa vya matumbawe hapa na pale. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakijaa hapo pana raha yake, kila mtu ana nafasi, lakini yakipwa bahari inatoka mbali, watoto wanaokota kome mahali ambapo saa sita kabla palikuwa na mita tatu za maji, na kilichobaki ni vidimbwi na mikondo michache yenye kina. Sasa kwenye mikondo hiyo hiyo ndiko anakoingia muogeleaji, boti ya kioo, mtu wa snokeli, mvuvi anayerudi na mtumbwi, kasa anayetafuta nyasi, na jetski. Yaani nafasi tunayogombania inapungua na kupanuka mara mbili kwa siku na hakuna kibali kinachojua hilo.

Na mashine yenyewe ieleweke vizuri. Jetski haina panga la nje kama injini ya boti, inafyonza maji kwa chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, na hiyo pua inayotoa maji ndiyo inayogeuza chombo. Hapo kuna faida ya kweli ambayo watu wa kufunga hawapendi kuisema, hakuna panga la kumkata kasa mgongo wala la kumkata mtu mguu. Lakini faida hiyo hiyo inazaa tatizo. Kwa sababu haina panga inaingia maji mafupi ambayo boti haithubutu, pale pale kasa anapolisha na mtoto anapojifunza kuogelea. Na kwa sababu inageuka kwa nguvu ya maji yanayotoka nyuma, ukiachia gesi usukani nao unakufa, chombo kinaendelea mbele na mwendo wake mnyoofu. Mtu asiyezoea akiona kichwa cha mtu mbele yake kitu cha kwanza anachofanya ni kuachia gesi, na hapo anakuwa amejinyima njia pekee ya kukwepa. Watengenezaji wameweka vifaa vya kupunguza tatizo hilo kwenye mashine za miaka ya karibuni, sawa, ila mashine nyingi za kukodisha zimezeeka. Niliwahi kusimama Nyali maji yamepwa nikahesabu muda ambao kijana alitumia kumfundisha mteja wake: hii gesi, hapa unazima, funga huu uzi mkononi, nenda. Haikufika dakika moja. Hakuna kilichotokea siku ile, mteja alirudi anacheka, na nadhani ndiyo sababu tunaendelea hivi hivi, siku nyingi hakuna kinachotokea.

Turudi Marekani tuone walichofanya hasa. Jetski zilianza kuuzwa huko mwanzoni mwa miaka ya 70 na kufikia katikati ya miaka ya 90 zilikuwa zimejaa kwenye maziwa na fukwe, zikiwemo zile zinazosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa. Hiyo idara ina sheria ya tangu 1916 inayoipa kazi mbili kwa pamoja, kutunza na kuwaachia watu wafurahie, ila kufurahia kwenyewe kusiharibu cha vizazi vijavyo. Kwa muda mrefu jetski ilihesabiwa chombo kama vyombo vingine, pakiruhusiwa boti ya injini basi nayo imeruhusiwa. Machi 2000 wakageuza. Kanuni mpya ilisema jetski haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa isipokuwa pale ambapo kumetolewa kanuni maalum, na wakataja maeneo 21 tu, mengi yakiwa maeneo ya burudani na fukwe za taifa, ambayo yalipewa muda wa kufikiria. Kikundi cha wanamazingira kinachoitwa Bluewater Network kiliona baadhi ya maeneo hayo yangepewa njia ya mkato, kikaenda mahakamani, na 2001 wakafikia makubaliano kwamba kila eneo kati ya hayo 21 lazima lifanye tathmini yake ya mazingira na kuandika kanuni yake, wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni, na muda ukiisha bila kanuni basi eneo linafungwa. Hiyo ndiyo hatua ambayo hakuna anayeitaja kwenye mabishano yetu. Kukaa kimya kwa serikali kulikuwa kunamsaidia mwenye mashine, baada ya hapo kukawa kunasaidia maji.

Na matokeo hayakuwa sare. Cape Cod na Cumberland Island zilibaki zimefungwa. Lake Mead na Glen Canyon, ile yenye ziwa Powell, zikafungua 2003 lakini kwa ramani. Ukisoma kanuni ya Glen Canyon inataja mito kwa majina: huruhusiwi chini ya bwawa kuelekea Lees Ferry, huruhusiwi kupanda mto San Juan zaidi ya Clay Hills, wala mto Escalante kupita Coyote Creek, na kipande cha Escalante kilicho chini ya hapo unapita polepole bila kutoa wimbi. Lake Mead waliweka kwamba ukiwa ndani ya futi 200, kama mita 60 hivi, kutoka ufuo wenye waogaji au boti zilizoegeshwa au mtu aliye majini, unakwenda mwendo huo huo wa pole. Na hata walioandika kanuni hawakuachiwa hivi hivi, mwaka 2010 jaji wa serikali kuu alisema tathmini zilizofanywa Gulf Islands na Pictured Rocks hazikutosha na akawarudishia kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia Wamarekani walipiga marufuku muulize wapi, na akikwambia waliruhusu muulize kwa kanuni gani. Jibu linabadilika kutoka ziwa hadi ziwa. Kisichobadilika ni kwamba kila mahali palipofunguliwa kuna karatasi ya wazi inayosema kwa nini, na mwananchi anaweza kuishika karatasi hiyo akaipeleka mahakamani.

Sasa tuchukue hoja nzito ya upande wa kuruhusu, ile ya injini, manake ina ukweli ndani yake. Kelele nyingi za miaka ya 90 zilikuwa juu ya injini za tu-stroki za kabureta. Zile zilikuwa zinatema mafuta yasiyoungua moja kwa moja majini, kati ya robo na hata karibu theluthi ya mafuta, kwa hiyo ukitia lita nne moja inakwenda baharini bila kufanya kazi yoyote. Kule ziwa Tahoe walizipiga marufuku kuanzia Juni 1999. Glen Canyon na Lake Mead waliweka tarehe, baada ya Desemba 31, 2012 mashine isiyofikia viwango vya 2006 vya EPA, shirika lao la mazingira, haiingii. Tangu hapo soko limehamia fo-stroki, zina moshi kidogo, kelele kidogo, na mwenye biashara anayesema mashine yangu mpya haifanani na ile ya 1995 hadanganyi. Lakini hoja hiyo ikija kwetu inagonga ukuta. Kwanza, nani amekagua injini zilizo kwenye maji yetu? Pili, na hapa naomba tuwe waangalifu, ukichukua sheria ya injini kama ilivyo ukaiweka pwani ya Kenya au Tanzania wa kwanza kuumia ni mvuvi. Injini za nyuma za tu-stroki, zile za kuchanganya petroli na oili kwenye dumu, ndizo zinazosukuma mashua kutoka Vanga mpaka Lamu, kwa sababu ni rahisi, spea zinapatikana kila mahali na fundi yeyote anazijua. Mwenye jetski ya kitajiri atapita ukaguzi akicheka na mvuvi wa Kenyatta Beach atafungiwa nje ya maji ya babu zake. Kwa hiyo injini safi iwe sharti la jetski, na mvuvi apewe muda mrefu na msaada wa kubadilisha, Wamarekani wenyewe walipeana miaka tisa kutoka 2003 mpaka 2012 na wale walikuwa wanaongelea burudani tu, sio chakula cha nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo injini safi haiwezi kulitibu kabisa, nalo ni nafasi. Tazama kilichotokea kwenye maziwa hayo hayo. Ukame wa mto Colorado ulishusha Lake Mead mwezi Julai 2022 hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu lilipojazwa miaka ya 30, na Februari 2023 ziwa Powell likashuka zaidi ya mita 50 chini ya kiwango chake cha kujaa. Sehemu nyingi za kushushia vyombo zikabaki nchi kavu, zege limeishia hewani, na vyombo vya watu wote vikasongamana kwenye njia chache zilizobaki na kwenye korongo zilizokuwa nyembamba kuliko zamani. Kanuni za 2003 ziliandikwa kwa ramani ya ziwa lenye maji. Injini zilikuwa safi kuliko wakati wowote na bado maji yalikuwa hayatoshi watu. Kwa mtu wa pwani hiyo sio habari ngeni, ukame uliochukua miaka ishirini kule sisi tunao kila bamvua, maji yanapwa tunasongamana, yanajaa tunapumua. Ndiyo maana mi siamini kanuni yoyote ya jetski huku kwetu isiyotaja kupwa na kujaa. Majedwali ya maji yanachapishwa na mamlaka ya bandari kila mwaka, wavuvi wanayajua kwa kuangalia mwezi bila karatasi, sasa kwa nini kibali cha mashine inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa kiseme tu kuanzia asubuhi hadi jioni kana kwamba asubuhi zote zinafanana?

Hoja ya pili nzito ni kazi. Hii siitupi. Vijana wa bichi wengi hawana kingine, utalii ukianguka wanaanguka nao, tuliona 2020 korona ilipofunga ndege jinsi ufuo ulivyokauka. Jetski moja inalisha zaidi ya mtu mmoja, kuna mwenye mashine, kuna anayeisukuma majini, kuna anayetafuta wateja, kuna fundi. Ila tuiangalie biashara yenyewe inavyoendeshwa manake hapo ndipo hatari inapotengenezwa. Jetski inakodishwa kwa dakika, dakika 10, dakika 15. Mteja amelipa pesa nzuri kwa dakika 10, saa imeanza kuhesabu akiwa bado anagusa mchanga, unategemea atumie dakika tatu za pesa yake kutoka polepole mpaka kwenye kina? Hawezi. Atavuta gesi hapo hapo kwenye waogaji. Yaani bei imeandikwa kwa namna inayomlipa mtu kwa kuendesha vibaya, na halafu tunamlaumu kijana kwamba hana nidhamu. Ukibadilisha kitu kidogo tu, saa ianze pale anapopita boya la nje na isimame anaporudi kwenye boya hilo, mwendo wa polepole unakuwa bure kwake na hana sababu ya kukimbia. Wapo watakaosema hiyo inapunguza wateja kwa siku. Itapunguza kidogo, ndiyo, lakini familia ambayo mtoto wake alikoswakoswa leo hairudi kesho, na hata ile ya jirani yake hairudi, kwa hiyo hasara ya njia ya sasa ipo ila haiandikwi kwenye daftari.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, ni kwamba kuitenga jetski ni ubaguzi kwa sababu ni chombo kama chombo kingine, ukiigusa hii uguse na mashua na boti za kioo. Hoja hii ilishajaribiwa. Kaunti ya San Juan, visiwa vya jimbo la Washington, walipiga marufuku jetski kwenye maji yao 1996, wenye biashara wakashtaki wakisema hivyo hivyo, na 1998 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema kaunti ina haki ya kutofautisha vyombo kwa jinsi vinavyotumika. Na ukifikiria hata bila mahakama hoja inaanguka yenyewe. Boti ya kioo ina nahodha ambaye amezaliwa hapo, anajua kila kichwa cha tumbawe, anakwenda mahali, anasimama, anarudi. Mashua ina safari. Jetski ya kukodi inaendeshwa na mgeni aliyefika jana, haiendi popote, kazi yake ni kuzunguka eneo moja, kuruka, kukata kona, kurudi, na ikiruka chombo kinatoka majini sauti inapanda ghafla kisha inashuka, ndiyo maana inasumbua kuliko injini kubwa inayopita na kwisha. Kitu kinachotumika tofauti kinahitaji kanuni tofauti. Hatuwapi lori na baiskeli sheria moja ya barabara na hakuna mwenye lori anayesema amebaguliwa.

Lakini na wenzangu wa kufunga kabisa niwaambie, marufuku isiyo na ramani inahamisha tatizo. Fungeni Nyali na Bamburi leo bila mpango, mashine zile hazitauzwa kesho, zitaingia mikono ya bahari, Tudor na Mtwapa, kwenye mikoko ambako samaki wadogo wanakulia na akina mama wanaokota chaza, au zitakwenda Diani na Watamu, na huko nako ni hifadhi. Nyingine zitaendelea hapo hapo kwa kitu kidogo, na mashine inayofanya kazi kwa kitu kidogo haina namba, haina bima, haina kumbukumbu ya nani aliiendesha saa ngapi. Tena jetski mikononi mwa mwokoaji ni chombo kizuri sana, inaingia kwenye mawimbi ambako boti inapinduka, inafika haraka kwa anayezama, na ni kweli pia kwa askari wa hifadhi anayefukuza mtu mwenye nyavu haramu. Na tusijidanganye kwamba kuondoa jetski kunaondoa fujo. Nenda Kizimkazi, kwenye hifadhi ya Menai kule Unguja, ukaone boti za kawaida kabisa zinavyowazingira pomboo, moja inakata mbele nyingine inafunga nyuma, wageni wanarukia juu yao. Hakuna jetski hata moja inayohitajika kwa fujo ile. Shida ni chombo chochote kilichoachiwa kiingie popote, idadi yoyote, bila mtu kuulizwa kitu mapema.

Watu wa serikali nikiwaletea habari ya kuhamisha mzigo jibu ninalolisikia ni pesa, hatuna uwezo wa kufanya utafiti kama Marekani. Ni kweli KWS hawana boti za kutosha wala wanasayansi wa kutosha, na haitabadilika mwaka huu. Lakini ndiyo sababu kubwa ya mzigo kuhama. Ukiwa na pesa unaweza kuacha mlango wazi ukawa unafukuzia uharibifu, maskini hawezi, maskini anafunga mlango halafu anamwambia mgeni abishe hodi aeleze shida yake. Na sio wazo la ajabu hapa nchini, mtu akitaka kujenga hoteli ufuoni analeta NEMA, mamlaka ya mazingira, ripoti ya athari kwa mazingira, yeye ndiye anayeigharamia, ni sheria ya tangu 1999. Jengo lililosimama nchi kavu limethibitishwa na mashine inayoranda juu ya matumbawe haijathibitishwa, sijui tulifikaje hapo. Na sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inatambua kugawa maji ya hifadhi katika kanda kwa matumizi tofauti, kwa hiyo hatusubiri bunge. Ujuzi nao upo. Manahodha wa boti za kioo wanajua matumbawe yako wapi, vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, vinajua samaki wanazalia wapi na mwezi gani, wanaolinda mayai ya kasa Bamburi wanajua fukwe zipi kasa anapanda kutaga. Kuwakalisha chini siku tatu na ramani kubwa na kalamu haihitaji mfadhili wa nje. Matumbawe yenyewe hayana nafasi ya kutusubiri, 1998 maji yalipopata joto sehemu kubwa yalipauka na kufa pwani nzima, yaliyorudi yamerudi kwa shida, na joto halijaacha kuja.

Kwa hiyo ningependa nione nini. Ndani ya paki, zile kilomita 10, pafungwe kwa jetski za burudani, moja kwa moja, na hapo sioni haja ya kubembelezana, ni eneo dogo mno na tayari tumemnyima mvuvi ndoano yake humo kwa sababu ya utulivu wa samaki, tutamwambia nini akiuliza kwa nini yeye asiguse na mgeni apige mbio? Kwenye akiba, pawe pamefungwa mpaka pafunguliwe, kipande kwa kipande, na kila kipande kiwe na karatasi yake: mashine ngapi, kutoka kwenye njia ipi yenye maboya inayokata ufuo moja kwa moja kwenda nje, mwendo wa pole mpaka boya la mwisho, na kiwango cha maji ambacho chini yake mashine zinapandishwa mchangani hata kama ni Desemba 26 na foleni ya wateja ni ndefu. Kila mashine iwe na namba kubwa inayosomeka kutoka ufuoni ili mama aliyekaa chini ya mnazi aweze kuripoti bila kumkimbiza mtu. Vibali vya kwanza wapewe vijana walio hapo sasa, kwa vikundi vyao, kabla mwenye mtaji wa mbali hajaja kununua kanda nzima, na wasimamizi wa kanda watoke miongoni mwao na walipwe kwa ada ya vibali. Kibali kiwe cha mwaka mmoja, kikiisha kinaombwa upya kwa kuleta kumbukumbu za mwaka mzima, ajali, malalamiko, siku zilizofungwa kwa maji kupwa, na asiyeleta hana kibali.

Ugumu upo, na mkubwa niuonao ni wiki mbili za mwisho wa mwaka, pesa ni nyingi, askari wa hifadhi ni wachache na kila mtu ana shemeji yake ofisini. Ndiyo maana kazi ya ramani isingoje Novemba. Kusi linapovuma, kuanzia kama Mei hadi Agosti, bahari inachafuka, wageni wanapungua, boti nyingi zinapandishwa kupakwa mafuta na kuzibwa, na watu wa bichi wana muda wa kukaa. Huo ndio msimu wa kukokota maboya, kupima kina wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, na kuandika namba kwenye mashine zikiwa bado ziko nchi kavu.